Nilivyompima Samaki kwenye Sinia la Wakwe

Ndugu zangu, leo nimejitia aibu. Sijaanguka, sijagombana na mtu, sijavuliwa nguo. Nimejitia aibu kwa mkono wangu mwenyewe wa kulia, mchana kweupe, mbele ya baba mkwe, nikiwa ndani ya kanzu iliyopigwa pasi mara mbili. Ninapoandika haya nimejifungia chumbani. Mke wangu yuko uani anaosha vyombo, na kila baada ya muda namsikia anacheka peke yake.

Nianze mwanzo, ili mkinihukumu mnihukumu kwa haki.

Kwa wasionifahamu vizuri, mimi ni mtu wa Bweni, kule kaskazini kabisa mwa Mafia, kwenye minazi na barabara ya kuvunja mgongo. Mke nimeoa Chole. Tunakaa Utende, kwa hiyo ukweni napaona kwa macho, ni kuvuka maji kidogo tu. Miezi minane iliyopita nikapata kazi ya kupima samaki kwa ajili ya hifadhi ya bahari. Kazi yenyewe ni hii: nasimama dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Nina ubao wenye rula. Namlaza samaki ubavu, namnyoosha mkia, naita jina na urefu wa sentimita kwa sauti ya kushinda mashine za boti, na mwenzangu Saidi anaandika. "Tasi! Kumi na tisa!" Saidi anajibu, "Tayari!" Samaki akiwa mdogo mno naongeza kwamba hajafika kimo. Kisha namuuliza mvuvi ametumia zana gani na amevua wapi. Basi. Sikamati mtu. Sina bunduki, sina pingu, sina hata filimbi. Nina rula.

Sasa, wakwe zangu wote ni wavuvi. Mmeshaona shida ilipo.

Tangu siku niliyopewa ile fulana yenye nembo, ukweni nimekuwa mtu wa kuzungumziwa jua na mvua. Natokea, nawakuta watu katikati ya kicheko, mmoja amesimama anaonyesha kwa mikono jinsi kitu fulani kilivyochomoka majini. Wananiona. Mikono inashuka. Kimya. Kisha mtu anakohoa.

"Jua la leo kali."

"Kali kweli."

"Na upepo hakuna."

"Hakuna kabisa."

Hapo ndipo mazungumzo yanapofia, na wote tunatazama vidole vya miguu. (Nimekaa vikao vya kutosha kujua vidole vya miguu vya kila shemeji yangu. Mmoja ana kucha moja inayohitaji daktari.)

Nilimwambia mke wangu, Zuhura, kwamba ndugu zake hawataki kunizungumzisha. Akasema najishuku tu. Wiki iliyofuata nikaona kwenye simu yake kundi la ukoo ambalo silijui. Jumbe mia moja na ushee kwa siku moja! Kundi ninalolijua mimi lina mtu mmoja anayeandika "Ijumaa njema" na watu kumi wanaojibu "Amina".

"Hilo ni la wanawake," Zuhura akasema haraka.

"Na Ami Kombo naye mwanamke?"

Ami Kombo ni baba yake mdogo, mzee wa miaka sitini mwenye sharubu. Zuhura akasema anakwenda kuangalia chungu jikoni. Hakukuwa na chungu jikoni.

Mwezi uliopita mdogo wake Zuhura akachumbiwa. Mimi nikajua kwa picha. Kisha ikaja habari ya leo, arobaini ya mtoto wa Haji, kaka yake Zuhura. Baba mkwe alipiga simu mwenyewe kumwita binti yake, na mimi nimekaa pembeni nasikia kila neno. "Na mumeo mwambie, kama ana kazi, asijisumbue." Mtu wa kawaida angeona mzee anamwonea huruma mfanyakazi. Mimi nilikaa na maneno hayo siku nne. Nikiwa dikoni nayageuza, nikiwa msikitini nayageuza. Asijisumbue. Maana yake nini, asijisumbue? Na juu ya hayo binti yetu Nasra, miaka sita, akaniuliza tukiwa tunakula, "Baba, mbona babu haongei na wewe?" Nikamwambia anaongea na mimi sana tu. "Anakwambiaga nini?" Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Jamani, niliumia. Niliona wazi kwamba nikishindwa na leo, basi tena, kuanzia sasa Zuhura atakuwa anavuka na mtoto wake, mimi nabaki Utende kulinda nyumba.

Kwa hiyo asubuhi nilijiandaa kama mtu wa mtihani. Nilipitia kwanza dikoni alfajiri, nikamsaidia Saidi kumalizia kuandika kazi ya jana, nikarudi, nikaoga. Fulana ya kazi nikaifungia sandukuni. Ubao nikausukuma chini ya kitanda. Daftari alibaki nalo Saidi. Sikutaka chochote cha kazi kivuke maji pamoja na mimi. Nikavaa kanzu na kofia, nikaandaa na mada mbili za kuzungumza, mpira na minazi ya kwetu Bweni. Nikazifanyia mazoezi pamoja na kicheko, mbele ya kipande cha kioo kinachoonyesha mdomo tu. (Ndiyo, nilifanya mazoezi ya kucheka. Nina vicheko viwili, kifupi na kirefu.)

Kwenye boti Zuhura akaona ninavyofuta viganja kwenye kanzu.

"Baba Nasra, tulia. Wewe kaa, kula, ukiulizwa kitu jibu."

"Na nisipoulizwa?"

Akatazama maji.

Tukafika. Wanaume wamekaa kwenye jamvi mbele ya nyumba, chini ya turubai, wanawake wako nyuma ya ua wa makuti wanahangaika na mapishi. Kelele nzuri ya shughuli. Nikatoa salamu, nikaitikiwa, na papo hapo nikaisikia ile kelele ya wanaume ikizimika. Nikaenda kwa baba mkwe, Mzee Bakari, nikainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, baba."

"Jua kali leo."

Jamani, hata viatu nilikuwa sijavua!

Nikakaa. Nikajiambia, usiogope, una mada mbili. Nikaitoa ya kwanza. "Jamani, mpira wa juzi mliuona?" Ami Kombo akasema yeye mpira aliacha tangu goti lianze kumsumbua. Mzee wa jirani akasema redio yake mbovu. Haji akasema yeye aliuona. Nikamgeukia kwa furaha kubwa.

"Uliuonaje, shemeji?"

"Wa kawaida."

Mada ya kwanza ikazikwa hapo. Ya pili, minazi ya Bweni, haikufika mbali. Nilisema mwaka huu minazi yetu imebeba vizuri, wakasema alhamdulillahi, tukarudi kwenye vidole vya miguu.

Na kulikuwa na jambo jingine lililonitia wasiwasi. Kila aliyezungumza na mimi alikuwa ananitazama upande mmoja wa kichwa, kisha anatazama pembeni haraka. Nikadhani kofia imekaa vibaya. Nikaiweka sawa. Wakazidi kutazama. Nikaivua, nikaikagua, nikaivaa tena. Ami Kombo akamnong'oneza mzee wa jirani kitu, na mzee wa jirani akajisogeza kidogo, kama mtu aliyekaa karibu na moto.

Nikaona nikikaa pale nitapasuka. Haji alikuwa ameondoka kwenda kuchoma samaki nyuma ya nyumba, nikasema niende nikampepee moto, mtu akikusaidia kazi huwezi kumnunia. Nikakata kona. Haji kuniona tu, akachukua jani la mgomba, akafunika samaki wote.

"Inzi hao, shemeji," akasema.

Nikatafuta inzi. Sikumwona hata mmoja.

Sasa hofu ikawa nyingine. Kuna nini chini ya jani? Kasa? Mungu wangu, isiwe kasa. Kasa haliwi, kila mtu anajua, na nikilikuta jicho la kasa kwenye sinia nifanye nini? Nikinyamaza nimekosea kazini. Nikisema nimeachika ndoani. Nilisimama pale napepea moto kwa mfuniko wa sufuria, nasali kimya kimya kwamba awe samaki wa kawaida. Haji naye amesimama, mkono mmoja juu ya jani, kama analinda mtoto. Tulikaa hivyo mpaka tulipoitwa kwenye dua.

Dua ikasomwa, mtoto akaombewa, tukaitikia amina. (Yangu moja ilikuwa ya kasa.) Masinia yakaanza kutoka.

Hapa huwa nateseka zaidi. Kwenye shughuli kila mtu anajua sinia lake, mimi huwa nasimama nimeshika kanzu kama ninaogopa maji, mpaka mtu anihurumie na kunisukumia kwa vijana. Leo nikiwa bado nimesimama nikasikia:

"Mkwe. Njoo huku."

Baba mkwe! Amesogea, ameacha nafasi pembeni yake! Sinia la wazee, tena lile lenyewe: yeye, Ami Kombo, wazee wawili wa jirani, Haji kama mwenye mtoto, na mimi. Nikakaa kwa uangalifu, nikatazama katikati ya sinia haraka. Wali wa nazi. Changu wa kupaka, mzima mzima, kichwa mpaka mkia, ananukia ukwaju na nazi, na pembeni yake vipande vya wenzake. Samaki. Samaki wa kawaida! Nikavuta pumzi ya kwanza tangu asubuhi.

Tukaanza kula. Na hapo, sijui ni njaa, sijui ni furaha ya mtoto, Haji akaanza kusimulia kitu. Alikuwa peke yake mtumbwini juzi, anavuta dema lake, ule mtego wa kusuka, akaona zito kuliko kawaida. Akafika katikati ya maneno, akanikumbuka. Akanitazama. Nikashusha macho kwenye wali na kujifanya natafuta mwiba. Kisha, wallahi, akaendelea!

"Kumbe ndani mna mkunga. Mnene kama paja, mrefu kama nyoka, meno nje! Nimelipandisha tu dema, mkunga huyo katoka, kaingia mtumbwini. Basi na mimi nikatoka mtumbwini, nikaingia majini."

Jamvi zima likacheka. Mimi nikatoa kile kicheko kirefu. (Kilizidi. Punje mbili za wali zilimrukia Ami Kombo kwenye mkono wa kanzu.) Ami Kombo akazipangusa bila kukasirika, akanigeukia.

"Na wewe, mkwe wetu, ingekuwa wewe ungefanyaje?"

Swali! Swali la mtu kwa mtu, lisilo na jua wala upepo ndani yake! Nikameza.

"Mimi, ami, ningemwachia mtumbwi na dema. Na angeitaka na shuka yangu ningempa."

Wakacheka. Wakacheka kweli, si kwa adabu. Baba mkwe alicheka mpaka akashika ubavu. Mzee wa jirani akanipiga bega. Nilitaka kulia, sina haja ya kuwaficha. Miezi minane! Nikajiona nimefika nyumbani. Nikaona Idi ijayo, nikaona harusi ya shemeji mdogo, nikajiona nimesimama katikati ya watu naonyesha kitu kwa mikono na hakuna anayekohoa.

Na baba mkwe, akiwa bado anafuta machozi ya kicheko, akasema, "Haya mkwe, tumegee samaki."

Asiyejua atauliza kuna nini hapo. Sinia la wazee huwa lina mkono mmoja unaommega samaki na kuwagawia wengine. Si kila mkono unaambiwa. Miaka saba ya ndoa, wangu haujawahi kuambiwa.

Sasa naomba mnielewe. Mikono hii imekuwa ikimshika samaki mzima kwa sababu moja tu, kila siku, asubuhi mpaka adhuhuri, kwa miezi minane. Nilikuwa na furaha, nilikuwa na hofu, akili yangu ilikuwa imeshaondoka imekwenda kwenye harusi ya shemeji. Mikono ikabaki peke yake.

Nikamlaza changu ubavu vizuri. Nikamnyoosha mkia. Rula hakuna, nikaweka shubiri, dole gumba mdomoni kwa samaki, kidole kidogo kikaishia karibu na mkia. Nikaongeza vidole viwili. Na sauti ikatoka, ile ile ya kushinda mashine za boti.

"CHANGU! ISHIRINI NA MBILI!"

Nikasubiri Saidi aandike.

Saidi hakuwepo. Saidi yuko kwake Utende. Lakini mimi sikusikia "Tayari", na utaratibu wetu ni kwamba usiposikia "Tayari" unarudia.

Nikarudia!

"CHANGU! ISHIRINI NA MBILI! HAJAFIKA KIMO HUYU!"

Kisha nikamgeukia mvuvi aliyekuwa karibu, ambaye alikuwa baba mkwe wangu, mzazi wa mke wangu, nikamwuliza, "Zana gani, mzee? Na umevua wapi?"

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Kelele za wanawake nyuma ya ua zilikatika, nikasikia upawa ukianguka. Mzee wa jirani alikuwa na mkia wa samaki mdomoni, hautafuni wala hautoi. Ami Kombo, taratibu, bila kunitazama, akaanza kusukuma wali juu ya kipande chake mpaka kikafunikwa. Mzee wa pili wa jirani akafanya hivyo hivyo. Nikatazama masinia mengine. Ndugu zangu, jamvi zima watu walikuwa wanafukia samaki kwenye wali.

Hapo ndipo akili yangu iliporudi. Iliukuta mkono wangu bado uko juu ya changu, shubiri imetanuliwa.

Baba mkwe akaosha vidole. Akakaa wima, kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu.

"Zana ni dema," akasema. "Nimelisuka mwenyewe. Nimevua ndani ya ghuba, upande wa kisiwa cha Juani. Na mvuvi ni mimi. Jina langu unalijua, umemuoa binti yangu."

"Baba..."

"Andika."

"Baba, siandiki! Ni mazoea tu, mikono imenizoea vibaya..."

"Andika, mkwe. Penseli si unayo?"

Nikasema sina penseli. Nikaapa. Nikasema kila kitu cha kazi nimekiacha Utende makusudi, kwa heshima yao. Haji akanyoosha mkono mpaka kwenye kichwa changu, na kutoka nyuma ya sikio langu akachomoa penseli ya dikoni, na kamba yake ya bluu ikining'inia!

Tangu alfajiri! Nilioga nayo, nikavalia kofia juu yake, nikavuka nayo maji, nikaombea mtoto dua nayo. Watu wamenitazama sikio siku nzima, wakijua nimekuja kuandika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na kanzu.

"Baba," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mbu, "jina halihitajiki."

"Nini?"

"Jina la mvuvi. Kwenye daftari hamna mahali pake. Tunaandika samaki gani, urefu, zana na sehemu. Basi."

"Halimo?"

"Halimo, baba."

"Langu halimo?"

"La mtu yeyote halimo."

Mzee akamtazama Ami Kombo. Ami Kombo akamtazama Haji. Haji akatazama wali.

"Miezi minane," baba mkwe akasema polepole, "miezi minane nakizunguka kisiwa na mgongo huu, nisipite dikoni kwako. Nakwenda kushushia samaki kwenye mikoko, natembea topeni mpaka magotini, kaa wananibana vidole. Kwa ajili ya jina ambalo halimo?"

Mimi muda wote nilidhani mzee hapendi kuniona tu.

"Kombo," akamgeukia mdogo wake. "Nani aliniambia huyu ananiandika jina na kulipeleka hifadhini?"

"Mimi nilisema huenda," Ami Kombo akajibu, bado anafukia samaki.

Hapo nikashindwa kujizuia. "Baba, nimekaa na nyinyi kama mgeni miezi yote hii. Nimeumia. Kwa nini hamkuniuliza?"

"Tungekuulizaje, na wewe kila ukija ni jua kali, jua kali?"

"Mimi? Si nyinyi mnaosema jua kali?"

"Sisi tunakuitikia."

(Hili nitalipinga mpaka naingia kaburini.)

Sijui tungefika wapi. Lakini kutoka nyuma ya ua ikaja sauti ya mama mkwe, ambaye huwa hasemi neno mbele ya wakwe zake. "Sasa huyo changu tumle, au tumrudishe baharini?"

Baba mkwe akamtazama samaki kwa muda. "Kwa nazi aliyopakwa huyu," akasema, "hata akirudi wenzake hawatampokea."

Wakaangua kicheko, na hapo sasa hakukuwa na wa kuwazuia. Jamvi lilicheka, ua ulicheka, mzee wa jirani hatimaye akautoa mkia mdomoni ili acheke vizuri. Nilikaa katikati, masikio yanawaka moto. Haji akainua dagaa mmoja kwa mkia. "Shemeji, na huyu?" Akatoka mtu wa sinia la pili na kichwa cha kolekole. Wanawake wakaleta sahani yenye mkono wa pweza, wakasema mama mkwe anataka na huyu aandikwe. Nilipima, ndugu zangu. Ningefanya nini? Nilipima kila kilicholetwa, na kila nikipima Ami Kombo alikuwa anaitikia "Tayari!" kwa sauti kuliko Saidi.

Mwisho akaletwa mtoto mwenyewe. Siku arobaini, amefungwa kwenye kanga, amelala. Nikaweka shubiri kwa hofu, nisimwamshe. Watu wote wanasubiri. Sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Baba mkwe ndiye aliyepiga kelele. "Hajafika! Mrudisheni kwa mama yake!"

Mtoto akaamka, akalia, na mama yake akanilaumu mimi.

Tuliaga alasiri. Nilimshika mzee mkono, nikamwomba radhi mbele za watu, nikasema samaki hapimwi kwenye sinia la watu. Hakuuachia mkono wangu upesi.

"Keshokutwa nashushia kwako," akasema. "Ila usinipigie kelele vile. Mimi mzee, nina moyo."

Nikadhani yamekwisha. Tukapanda boti. Abiria wametulia, na mimi nikaanza tena kuogopa, nikawa nasoma nyuso. Tumefika katikati ya ghuba, nahodha, mtu nisiyemjua kabisa, akasogeza kikapu chake nyuma ya miguu na kuniuliza kwa adabu zote, "Samahani kaka, eti wewe ndiye Ishirini na Mbili?"

Zuhura alicheka mpaka Utende. Nasra naye akacheka kwa sababu mama yake anacheka. Sasa simu yangu haitulii, na wote ni watu wa ukweni. Mmoja ametuma picha ya ndizi pembeni ya rula. Sijui kama nimesamehewa au nimegeuzwa kioja cha ukoo, na keshokutwa nitasimama dikoni mbele ya wavuvi ambao bila shaka wameshasikia yote.

Kwa hiyo nawaombeni kitu kimoja tu. Mkitaka kunicheka, nichekeni kwa sauti. Kimya nimekichoka.